Kila miaka miwili? Historia ya maji ya radiateri

Wandugu, ukiuliza mafundi watatu pale garaji likide ya radiateri inabadilishwa kisha muda gani, mmoja atakwambia miaka miwili, mwingine kilometa 40,000. Wa tatu atacheka: "Ile ni ya wazungu, juu kwao kuko barafu. Huku weka maji." Na shofere yeye iko na jibu lake: ikipunguka, ongeza.

Mimi ni mtu wa kilimo, si fundi. Lakini mwaka 2019, nikiwa nimetoka tu kupata licence, nilikuwa natumika na coopérative moja ya wakulima, na tulipoteza pikapu yetu sababu ya lile jibu la shofere. Ilikuwa inaleta viazi kutoka Numbi kuja Bukavu. Kwenye mlima mvuke ukatoka. Shofere akasimama, akachota maji ya mto, akaweka, akaendelea. Mara ya tatu moteri ikakataa kabisa. Joint de culasse ilikuwa imeungua, na kichwa cha moteri, ambacho ni cha aliminiumu, kilikuwa kimeliwa vitundu vitundu ndani. Nusu ya viazi ilioza njiani. Wamama waliotupa mavuno yao walingojea makuta yao miezi mingi. Ndiyo maana nikaanza kusoma hii mambo ilitoka wapi.

Mwanzoni kweli ilikuwa mambo ya baridi. Magari ya zamani yalitumia maji tu. Ford Model T ya mwaka 1908 na kuendelea, nyingi hazikuwa hata na pompi ya maji: maji ya moto yanapanda yenyewe, yaliyopoa yanashuka, basi. Shida ni kwamba maji yakiganda yanapanuka, na chuma cha moteri kinapasuka. Watu wa Marekani na Ulaya wakachanganya maji na pombe, hasa methanoli. Haigandi haraka, lakini inachemka kwa digrii 65 hivi, na moteri inafanya kazi kwa joto kubwa kuliko hapo. Kwa hiyo ilikuwa inapotea kwa mvuke, na mwenye gari anaongeza tena, msimu mzima. Wakati huo hakuna aliyeuliza "kisha muda gani".

Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana zamani, ila hakuna aliyejua kama ni dawa. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz alitengeneza glikoli mwaka 1856, gari haijazaliwa bado. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilisaidia kutengeneza baruti. Mwaka 1927 ndipo glikoli ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone, kwa ajili ya radiateri. Yenyewe inachemka karibu digrii 197, kwa hiyo haikimbii kama pombe. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka karibu digrii 37 chini ya sifuri, na inachemka kwa 107 hivi.

Sasa hapa ndipo watu mingi wanapotea. Glikoli ikikaa kwenye joto na hewa inageuka polepole kuwa asidi, na asidi inakula chuma. Wenye viwanda wakaongeza ndani dawa za kuzuia kutu: silikati, fosfati, borati. Hizo dawa zinafanya kazi kwa kutumika, na zikitumika zinaisha, sawa mbolea kwenye shamba unalolima kila msimu bila kurudisha kitu. Udongo unabaki pale pale, ukitazama ni uleule, lakini hauna tena nguvu. Ile miaka miwili ilitoka hapo. Ni umri wa dawa ndani ya likide ya kijani ya zamani. Barafu haimo katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana namba ilibadilika dawa ilipobadilika. Mwaka 1995 General Motors walileta Dex-Cool, ya rangi ya machungwa, yenye asidi za kiorganiki ambazo zinaisha polepole zaidi. Ahadi yao ilifika miaka 5 au kilometa 240,000. Haikwenda vizuri kwa wote: wenye magari kadhaa walikuta matope ndani ya radiateri, na kesi zikafika mahakamani. Toyota nao, miaka ya 2000, wakaleta ile ya rangi ya pinki: mara ya kwanza unabadilisha kwa kilometa 160,000, kisha kila 80,000.

Basi, na huku kwetu? Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Kwenye sufuria maji yanachemka kwa digrii 95 hivi, si 100. Milima yetu nayo inachosha moteri. Na maji ya Ziwa Kivu yamejaa chumvichumvi za madini zinazoganda ndani ya bomba, sawa ile gamba nyeupe ndani ya birika. Mwenye kusema "huku hakuna barafu" anasema kweli, lakini anajibu swali lingine.

Tena magari yetu ni okazyo. Yalipita mikono mingapi, nani aliongeza nini, hakuna anayejua. Rangi haitoshi kukuambia, juu ni rangi tu, na ukichanganya mbili umepoteza ule umri mrefu. Mimi naona hivi: kama hujui, mwaga yote moteri ikiwa imepoa, suuza, weka mpya na maji distile, na uhesabu miaka miwili hata kama bidoni inaandika mitano. Na usimwage kwenye mtaro: glikoli ni tamu, mbwa na mbuzi wanailamba, na inaua figo.

Kwa pikapu ya pili tulibandika karatasi chini ya kapo: tarehe, kilometa, jina la likide. Shofere ni yule yule. Siku hizi anatembea na bidoni yake nyuma ya kiti, na hachoti tena mtoni.