Kijiko cha Kimea: Historia Fupi ya Uji wa Mtoto

Wiki iliyopita nilikuwa katika mgahawa ulio jirani na ofisi yangu, nikasikiliza mabishano ambayo ningefurahi yakitokea walau mara moja katika semina zangu. Walikuwa wanawake watatu: mhadhiri msaidizi aliyerudi kazini kutoka likizo ya uzazi, mtunza kumbukumbu wa idara, na mama mwenye mgahawa, mtu mzima, mzaliwa wa nyanda za juu kusini. Hoja ilikuwa uji wa mtoto wa miezi minane.

Mhadhiri alisifu unga wa lishe anaousagisha mwenyewe, nafaka saba, soya, karanga na dagaa juu yake. Mtunza kumbukumbu alimpinga: karanga zikisagwa pamoja na nafaka unga huvunda mapema, na mtoto akiharisha hutajua ni nafaka ipi kati ya zile saba iliyomsumbua. Karanga zisagwe kando, ziingie sufuriani mwishoni. Mama aliwaacha wamalize, kisha akasema, "Wanangu, mnabishana kuhusu unga, na mtoto mnampa maji. Uji wenu mwepesi mno. Mama yangu alikuwa akiusonga ukawa karibu na ugali, halafu anautia kijiko cha kimea, unayeyuka." Wale wawili wakacheka. Kimea ni cha pombe, wakasema, mtoto atalewa.

Sikuwaingilia, maana nilikuwa na chai yangu na sikuulizwa. Lakini Mama alikuwa amegusa, pengine bila kujua, mojawapo ya kurasa muhimu kabisa katika historia ya afya ya jamii nchini Tanzania, na kicheko cha wale wasomi wawili ni sehemu ya historia hiyohiyo.

Tuanze na sufuria yenyewe. Unga wa nafaka ukichemshwa hunywa maji na kuvimba. Ili uji unyweke na mtoto asiye na meno ya kutosha, unga hauwezi kuzidi sana sehemu moja katika kumi ya kilichomo sufuriani. Kinachobaki ni maji. Tumbo la mtoto wa umri huo huchukua kiasi cha kikombe kimoja, basi. Kwa hiyo hushiba kabla hajapata nguvu anayohitaji, na baada ya saa mbili analia. Mama akiongeza unga, uji unakuwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Akiacha uji ulivyo, itambidi ampe mara tano au sita kwa siku, na mwanamke anayelima, anayechota maji mbali na kutafuta kuni, mara tano hizo atazitoa wapi? Huu ndio mtego. Mafuta, karanga iliyopondwa au maziwa husaidia kuutegua, kwa mwenye navyo.

Kimea huutegua kwa njia nyingine. Mbegu inapoanza kuchipua huamsha vimeng'enya vya kuvunja wanga wake na kuugeuza sukari, ili chipukizi lipate chakula kabla halijaota majani. Ukiianika mbegu hiyo na kuisaga, vimeng'enya hubaki hai ndani ya unga. Ukiutia katika uji mzito uliopoa kiasi, huendelea na kazi ileile: wanga uliovimba unakatwakatwa, na baada ya dakika chache tu uji uliokuwa ukisimamisha mwiko unamiminika. Maji hayakuongezwa. Kikombe kilekile sasa kimebeba chakula mara mbili au zaidi ya kile cha awali. Wala hakuna kileo, kwani pombe huhitaji hamira na muda wa kuchacha, na hapa hapana kimojawapo.

Maarifa haya ni ya kale. Ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi, ni zao la nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, lililofugwa na wakulima wetu maelfu ya miaka kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka Amerika. Mtama nao ni wa bara hili. Palipokuwa na ulezi na mtama palikuwa na kimea, na palipokuwa na kimea palikuwa na mwanamke aliyejua ni usiku mangapi mbegu ilowekwe, ifunikwe kwa nini, na mzizi uwe na urefu gani kabla ya kuanikwa. Kutokana na kimea hicho walipata pombe ya ngoma na ya kazi, na vilevile walipata togwa, kinywaji kitamu chenye ukakasi kidogo, ambacho hata leo mtoto wa Songea, Njombe au Iringa hupewa bila mtu kushtuka. Mahindi yalipoenea, yalikuja na faida ambazo hatuna budi kuzikiri. Gunzi limefunikwa maganda yake, halihitaji mtu wa kuamia ndege kutwa nzima kama mtama. Palizi yake haivunji mgongo kama ya ulezi. Katika mashamba ya mkonge walikokwenda manamba kutoka kusini, posho ilikuwa unga wa mahindi. Ulezi ukarudi nyuma polepole, hadi mahali pengi ukabaki kuwa nafaka ya pombe. Na kitu kikishaitwa cha pombe, mhubiri na bwana afya huacha kukitazama.

Sasa njoo upande wa sayansi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kuhusu ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele. Aliuita kwa jina alilolikuta kwa Waga wa Accra: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mwenzake anapozaliwa. Ninawaomba wanafunzi wangu watue hapa kidogo. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kueleza nani huugua, lini, na kwa nini. Akina mama walikuwa wamefanya uchunguzi kabla ya hospitali. Lakini wataalamu walichukua jina na kuacha maelezo. Kwa takriban miaka ishirini baada ya Vita Kuu ya Pili, jibu la dunia lilikuwa moja: protini. Umoja wa Mataifa ulianzisha jopo la ushauri wa protini mwaka 1955. Viwanda vikatengeneza unga maalumu, Incaparina huko Guatemala, Faffa huko Ethiopia. Nia ilikuwa njema na baadhi ya unga huo ulisaidia wengi, lakini familia maskini kabisa, ambayo mtoto wake ndiye aliyekuwa hatarini, hainunui unga wa paketi. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba mkazo huo wote ulikuwa maafa ya kitaaluma. Watoto wengi walikosa chakula cha kutosha cha aina yoyote, na protini waliyoipata iliunguzwa mwilini kama kuni.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, mwaka 1973, na miaka miwili baadaye ikaendesha kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, iliyofuata Mtu ni Afya. Watu wazima walikaa chini ya miembe wakisikiliza na kujadili vyakula. Lazima niseme kwa haki yote kwamba kampeni hiyo ilikuja katika wakati mgumu: ukame, uhamisho wa watu kwenda vijijini, na mahindi ya njano kutoka nje, yale ambayo wananchi waliyabatiza jina la Yanga kwa rangi ya jezi. Ni vigumu kumfundisha mtu makundi ya vyakula huku akiwa kwenye foleni ya unga.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonifanya niandike. Mwaka 1983 A. C. Mosha na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti kuhusu uji wa mtoto uliopikwa mzito na kulainishwa kwa unga wa nafaka iliyochipuzwa. Maabara ikapima kile ambacho Mama wa mgahawani alikisema kwa sentensi moja. Wakapeleka kazi hiyo vijijini, Luganga mkoani Iringa pakiwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa, kuona kama akina mama watakubali na watoto watakula. Katika miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi kwenye togwa, wakaonyesha kwamba uji uliochachushwa una asidi inayozuia vijidudu, na kwamba watoto walioutumia waliharisha kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Nyumba isiyo na jokofu ilikuwa na jokofu lake miaka yote hiyo.

Wakati huohuo, kuanzia 1983, ulikuwapo mpango wa lishe wa Iringa ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, na swali halikuwa "mama huyu hajui nini?" bali "kwa nini mtoto huyu amepungua, na sisi tutafanya nini kwa tulicho nacho?" Majibu yalistaajabisha kwa unyenyekevu wake: mtoto ale mara nyingi zaidi; pawe na mahali pa kumwacha na kumlisha wakati mama yuko shambani; baba ashiriki; kimea kitumike. Katika miaka minne hivi utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Ule mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 kuhusu sababu za utapiamlo, ambao kila mwanafunzi wa lishe duniani huuchora kwenye mtihani, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa Iringa. Wanafunzi wangu hudhani umetoka New York.

Kisha? Mwaka 1984 serikali iliondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1986 tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Huduma za vijijini zikadhoofika, wahudumu wa afya wa kijiji wakakosa hata posho ya sabuni, mizani zikashika kutu. Kimea hakikuwa na wa kukitetea. Hakina kampuni, hakina tangazo. Na hapa sitaki kuwalaumu wakubwa peke yao: kutengeneza kimea ni kazi ya siku tatu au nne, na kazi hiyo tuliikabidhi, kama kawaida yetu, kwa mtu yuleyule aliyekwisha kulemewa. Ushauri wa jikoni unaomwongezea mwanamke kazi bila kumpunguzia nyingine hudumu hadi mradi unapofungwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliokuwa na kiwango cha juu kabisa ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake. Nirudie, kwa faida ya ndugu zetu watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa: Iringa, ghala la mahindi la nchi, mkoa uliowafundisha UNICEF. Zipo sababu nyingi, na mtu akikwambia ni uji peke yake usimsadiki. Lakini siwezi kuitazama takwimu hiyo bila kuukumbuka ule mwaka 1983, na wale wazee wa serikali za vijiji walioujua uzito wa kila mtoto wao kwa majina.

Basi nilimaliza chai, nikamwomba Mama anieleze namna anavyofanya. Ulezi huchambuliwa, hulowekwa usiku mmoja, huchujwa na kufunikwa kwa gunia bichi siku mbili au tatu, ukinyunyiziwa maji, hadi mizizi ionekane. Huanikwa juani ukakauka kabisa, mizizi ikapukuswa na kupepetwa, ndipo usagwe. Anaupenda ulezi kuliko mtama, na ana sababu njema kuliko anavyodhani, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu. Uji husongwa mzito, huepuliwa, hungojwa hadi kidole kiuvumilie, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa bakuli, hukorogwa. Ukishalainika hurudishwa jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kilianikwa nje na nje kuna inzi.

Mhadhiri msaidizi alikuwa ameacha kucheka na alikuwa anaandika kwenye simu yake. Akauliza kimea kinapatikana duka gani, maana kwenye rafu za vyakula vya watoto hajawahi kukiona.

"Si dukani, mwanangu," Mama akamjibu. "Nenda sokoni, waulize wapika pombe."