Ukawiaji

Ukawiaji, kutoka kitenzi kukawia, ni muda unaopita kati ya kidole kubonyeza kitufe na tendo kuonekana kwenye skrini. Ni neno linalostahili kutenganishwa na kukwama. Video hukwama data inapoingia polepole, na filamu huepuka hilo kwa kupakua mapema sehemu zijazo. Gemu linalotiririshwa kupitia intaneti, yaani linaloendeshwa kwenye seva ya mbali, haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa picha ijayo bado haipo. Inasubiri uamuzi wa mchezaji.

Kila amri husafiri hadi kwenye seva, ambayo huchora picha, huibana na kuirudisha. Kisha simu au kompyuta huifungua. Bando kubwa halifuti umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam na Johannesburg ziko mbali kiasi cha kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi pekee ni milisekunde 25, na nyaya halisi hupinda sana. Kwa kulinganisha, gemu la picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 17 hivi.

Karata na mafumbo huvumilia ukawiaji huo. Ngumi na mpira wa miguu haviuvumilii, na hapo ndipo hasara ya mchezaji ilipo. Waya badala ya Wi-Fi hupunguza sehemu ya nyumbani. Iliyobaki hupunguzwa kwa kusogeza seva karibu.