Kutoka Nyamira hadi Geneva

Saa moja asubuhi, mabenchi ya hospitali ya Nyamira yamejaa akina mama. Muuguzi anapita kati yao, saa imebanwa kwa pini kifuani, akikusanya kadi za kliniki. "Bwakire, magokoro," anamwamkia bibi mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kufuata njia ya waliomtangulia muuguzi huyo.

Njia inapita mashamba ya chai hadi mjini Kisii, makao ya wilaya iliyojumuisha Nyamira enzi za ukoloni. Septemba 12, 1914, Wajerumani na Waingereza walipigana hapo. Mwaka 1916 ikaanzishwa hospitali ya wanajeshi, ambayo leo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kisii. Nikapanda matatu kupitia Oyugis hadi Kendu Bay, ambako Waadventista walifungua hospitali yao mwaka 1925.

Enzi hizo, Waafrika wa kwanza kushika bendeji wengi wao walikuwa wanaume. Waliitwa madresa. Waliosha vidonda, walichemsha vyombo, tena walimweleza daktari mgeni mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini. Naamini kazi hiyo ya ulimi iliokoa watu wengi kama dawa yenyewe. Wengi wao hawakuachiwa hata bango la jina ukutani.

Ndiyo maana namthamini sana Eunice Muringo Kiereini, muuguzi ambaye jina lake lilibaki. Hakuzaliwa huku Gusii, lakini akiwa Muuguzi Mkuu wa Kenya, kazi ya wauguzi wa huku ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1981 akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lenye makao Geneva. Baraza hilo liliundwa mwaka 1899. Kwa miaka 82 halikuwahi kuongozwa na mtu kutoka Afrika. Aliliongoza hadi 1985, katika miaka ambayo mataifa, baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978, yalikuwa yameahidi kuipeleka tiba hadi kijijini. Yeye alitoka nchi ambayo mgonjwa wa kijijini hupokewa na muuguzi, na mara nyingi humalizana naye huyo huyo.

Niliporudi Nyamira nilimuuliza yule muuguzi kama anamjua Kiereini.

"Hapana. Niandikie jina."

Nikaliandika kwa herufi kubwa. Akalisoma polepole, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akaita kadi iliyofuata.