Mbasa wa Nyasa, samoni wa uongo, na mzungu aliyehamisha samaki

Wadau, leo tufukue ya kale kidogo. Kuna mzungu mmoja, jina silitaji, ila wajanja mtamjua kabla hamjafika mbali. Alimpenda binti, baba wa kambo wa binti akamwona hana mbele wala nyuma. Jamaa akaamua kuivuka Afrika toka Cape mpaka Cairo ili aonekane mwanaume. Alianza 1898, akamaliza 1900, na mke akampata. Hospitali ya watoto pale Muthaiga, Nairobi, mpaka leo ina jina la huyo dada.

Hayo mapenzi tuyaache. Mwaka 1905, akiwa keshahamia Kenya, jamaa alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, akayapandikiza mto Gura, milima ya Aberdare. Mayai ya samaki wa baridi, yasafirishwe baharini na nchi kavu bila kupata joto! Mimi naita ile hamu ya nyumbani. Kule kwao mtu wa heshima huvua kwa nzi wa bandia: unafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu, unairusha taratibu juu ya maji, samaki anadanganyika. Mito yetu ilikuwa na samaki wake, ila si wa kumkumbusha mtu kwao.

Msimwonee huruma sana lakini. Mwaka 1907 huyohuyo aliwachapa viboko Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, watu wakitazama. Yai la samaki alilibembeleza kuliko binadamu.

Huku Ziwa Nyasa hakuna aliyehitaji kusafirisha kitu. Waskochi wa misheni walifika ziwani 1875 na meli yao Ilala, Waingereza wengine wakafuata upande wa Nyasaland, Malawi ya leo. Wakamkuta mbasa: anang'aa kama fedha, ana nguvu, anapanda mito kwenda kutaga. Wakamwita samoni wa ziwa. Ndugu yake mdogo, sanjika, akapewa jina la trauti wa ziwa. Kumbe wapi! Mbasa ni wa ukoo wa karpu, yule samaki mwenye masharubu ambaye Wapoland humla Krismasi, na ambaye Mwingereza humvua kwenye baridi kali, akapiga naye picha, halafu akamrudisha majini. (Mwambie mtu wa Mbamba Bay habari ya kumrudisha samaki majini, atakuuliza kama una homa.)

Ndugu zetu walioko majuu wanaielewa hiyo hali. Theluji ipo dirishani, unasimama mbele ya meza ya samaki sokoni, na kila samaki unataka umpe jina la kwenu.

Sasa pandeni nami mpaka Maguu. Mwezi wa saba baridi ya huku inang'ata, Mskochi angejisikia yuko kwao. Maji ya milima hii ya Umatengo mengine yanateremkia Ziwa Nyasa, mengine yanaingia mto Ruvuma. Na hapa ndipo mbasa anapohusika, ingawa ziwa liko mbali chini. Mbasa hutaga kwenye changarawe, penye maji safi yanayotembea. Udongo ukiporomoka toka mashambani ukafunika changarawe, mayai yanakosa hewa, yanakufa.

Wamatengo walilima miteremko hii kwa ngolo kabla mkoloni hajafika. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake wanazifukia kwa udongo, katikati linabaki shimo. Mvua ikipiga, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na shamba. Ukiitazama kwa mbali ni kama sega la nyuki, mlima mzima. Ni kazi ngumu mno, na kijana akiitazama anaona afadhali alime tuta la kawaida, au aende mjini.

Trauti wa wageni alitungiwa sheria za kumlinda. Mbasa, mwenyeji, ameingia kwenye orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini. Msimu wa kutaga ukifika, nyavu zinategwa mdomoni mwa Ruhuhu, karibu na Lituhi, na anayenaswa ni mama mwenye mayai tumboni, hata changarawe hajaiona.