Homa ya Mafua ya Mwaka 2009 na Jina Lililotuponza

Ndugu walimu, kazi yetu ni maneno, na maneno huponya kama yanavyoponza. Tumeona vyema tukumbushane habari za homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 2009, kwani wanafunzi wetu wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa, nasi tulioishuhudia twaanza kuisahau.

Virusi vya maradhi hayo viligunduliwa Marekani na Mexico mwezi Aprili 2009. Asili yake ilikuwa mchanganyiko wa mafua ya nguruwe, ya ndege na ya binadamu. Ndipo redio na magazeti yakayaita "homa ya nguruwe". Tarehe 11 Juni, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga la dunia nzima. Mwanzoni mwa Julai, mgonjwa wa kwanza alithibitishwa hapa Uganda.

Wakati huo tulikuwa walimu vijana katika shule moja ya sekondari. Tulipoulizwa darasani habari za maradhi hayo, tulijibu kwa haraka kwamba hutoka kwa nguruwe, kisha tukaendelea na somo la ngeli. Hatukujua tulichokipanda. Darasani humo alikuwamo msichana ambaye mama yake alimlipia karo kwa kufuga nguruwe. Wenzake walikataa kuketi naye, na kwa siku tatu hakuonekana shuleni. Siku ya nne alikuja mama mtu, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, nguruwe wangu ni wazima. Mtoto wangu amekosa nini?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu kosa lilikuwa letu, nalo lilikuwa kosa la lugha. Mafua yale yaliambukizwa na mtu kwa mtu, kwa kukohoa na kupiga chafya, wala si kwa kula nyama. Tena, "homa ya nguruwe" ni jina la maradhi mengine kabisa, yale yanayowaangamiza nguruwe zizini lakini hayamdhuru binadamu. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliacha kulitumia jina hilo tarehe 30 Aprili 2009. Hata hivyo neno likishatoka halirudi: huko Misri serikali ilikuwa imekwisha kuamuru wachinjwe nguruwe wapatao 300,000.

Ama chanjo, ilichelewa kutufikia. Chanjo ya mafua hukuzwa zaidi katika mayai ya kuku, na kuitengeneza huchukua miezi mitano au sita. Ilipoidhinishwa Septemba 2009, nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuagiza sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikusanya za msaada, likagawa dozi milioni 78 kwa nchi 77, lakini nyingi zilifika mwaka 2010, wimbi kubwa likiwa limepita. Shuleni kwetu hakuna aliyechanjwa. Wengi tuliugua, tukapona kwa kupumzika. Wengine duniani hawakupona: wataalamu hukadiria kuwa katika mwaka wa kwanza walikufa watu kati ya 151,700 na 575,400, wengi wao wakiwa hawajafikia umri wa uzee. Tarehe 10 Agosti 2010 ilitangazwa kwamba janga limekwisha.

Msichana yule alirudi. Tulimwomba radhi mbele ya darasa zima, tukafuta ubaoni jina lile na kuandika "mafua". Baadhi ya wanafunzi walicheka; lakini jioni ile tuliona mmoja wao akirudisha kiti chake karibu naye.

Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipofika Uganda, sisi walimu tulikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, wanafunzi walituuliza mengi juu ya sindano ile. Mara hii hatukujibu papo hapo. Tuliwaomba wasubiri hadi kesho yake, tukaenda kwanza zahanati kumwuliza muuguzi. Lisemwalo na mwalimu asubuhi, jioni hulala katika nyumba za watu.