Vituo Vingi, Kidhibiti Kimoja
Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11 kilipoidhinishwa mwaka 1997, kila kituo cha mtandao usiotumia waya kilijitegemea, na fundi alibadilisha mipangilio kituo kimoja baada ya kingine. Vituo vilipofika mamia katika jengo moja, utaratibu huo ulishindwa. Ndipo kampuni kama Airespace, iliyonunuliwa na Cisco mwaka 2005, zilipohamishia maamuzi kwenye kidhibiti kimoja; mwaka 2009 IETF, shirika la viwango vya intaneti, ikachapisha itifaki ya CAPWAP ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane.

Wapo wanaohoji kwamba kidhibiti kikizimika, mtandao wote huzimika. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kidhibiti cha akiba. Aidha, kupanga vituo kwa makundi, kwa mfano hospitalini vya wodi kando na vya ofisi, huzuia kosa la mipangilio kuenea kote. Usimamizi wa pamoja ulizaliwa na wingi wa vifaa; makundi ndiyo yaliyoufanya uaminike.