Upasuaji wa Tahadhari

Katika istilahi za utabibu zilizoingia Kiswahili kwa haraka, ni chache zinazostahili kufikiriwa upya kama ile inayotaja kazi ya tabibu anapoondoa kiungo kizima, kisicho na uvimbe wala jeraha, katika mwili wa mtu ambaye hajaugua bado, kwa sababu damu yake imechunguzwa maabara na kuonekana kwamba amerithi kwa wazazi wake mwelekeo mkubwa wa kupata saratani. Jina linalokuja upesi ulimini ni upasuaji wa kinga, nami nakiri uzuri wake masikioni. Lakini ni jina linaloahidi zaidi ya yale ambayo kisu kinaweza kuyatimiza, na anayeahidiwa ni mtu aliye katika saa ngumu ya maisha yake.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lifahamike. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, baada ya kufuatilia kwa miaka mingi nasaba za watu walioandamwa na saratani ya matiti kizazi baada ya kizazi, alithibitisha kwamba asili ya msiba huo katika baadhi ya jamaa hizo imo katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, iitwayo BRCA1, ikapatikana 1994, na nduguye, BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, ikafuatia mwaka 1995. Jeni hizi kila mtu anazo, na kazi yake ni njema, kwa kuwa husaidia kurekebisha uharibifu unaotokea ndani ya seli za mwili. Madhara huanza pale mtu anaporithi nakala yenye dosari, na mzazi aliye nayo, awe mama au awe baba, kila mtoto wake ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Naikazia habari ya baba kwa makusudi, maana aghalabu maradhi ya matiti huulizwa kukeni tu, ilhali urithi huu hupita kuumeni vilevile, na mwanamume aweza kuuchukua na kuwapa binti zake pasipo yeye mwenyewe kuugua hata siku moja.

Uzito wa urithi huo si mdogo. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa 2017 ulikadiria kwamba katika wanawake 100 wenye dosari ya BRCA1, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na 44 hupata ile ya vifuko vya mayai, yaani ovari; kwa BRCA2 makadirio yalikuwa 69 na 17. Wanawake wa Marekani kwa jumla hukadiriwa kupata saratani ya matiti 13 hivi katika kila 100, na ya ovari hawafiki hata 2.

Hapa pana neno jingine la kuhadhari nalo kabla hatujafika kwenye kisu. Majibu ya kipimo yanapoonyesha dosari, vitabu vingine huyaita matokeo chanya. Na neno hilo, linalofaa sana katika hesabu, katika magazeti na midomoni mwa watu limekwisha kuwa jina la habari njema. Mama anayeambiwa kwamba matokeo yake ni chanya aweza kumshukuru Mola na kwenda zake nyumbani. Ni heri aambiwe waziwazi: umekutwa na dosari ya kurithi katika jeni fulani; wewe si mgonjwa wa saratani, bali hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine.

Nini basi hufanywa? Katika matiti, mpasuaji huondoa nyama yote awezayo kuifikia, akiacha ngozi, na wakati mwingine chuchu, ili umbo lipate kutengenezwa upya. Na chini ya ngozi hiyo hubaki utando mwembamba wa nyama ileile ambao hauondoki wote hata mkono uwe hodari namna gani. Hatari hushuka kwa 90 katika 100 au zaidi, lakini haimaliziki. Katika ovari na mirija yake, utando wa ndani ya tumbo hubaki, nao mara chache huota saratani ya jinsi ileile. Angelina Jolie, mchezaji wa filamu ambaye mamaye alifariki kwa saratani akiwa na miaka 56, alipoutangazia ulimwengu mwezi Mei 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili, alisema hatari yake imeshuka kutoka 87 katika 100 hadi chini ya 5. Hakusema imekwisha, na 2015 aliondolewa ovari na mirija pia. Kwa sababu hiyo matabibu wanaosema Kiingereza wamependelea siku hizi kuuita upasuaji wa kupunguza hatari, na hilo ni kweli tupu, ila ni maelezo zaidi kuliko jina.

Mimi nachagua upasuaji wa tahadhari. Kinga, kwa mazoea yetu, ama ipo ama haipo: mtoto amechanjwa au hakuchanjwa. Na kwa kuwa sote tumelelewa kwa usemi kwamba kinga ni bora kuliko tiba, mwanamke anayeambiwa kuwa upasuaji ni kinga naye akasita, huonekana mbele ya jamaa zake, na pengine mbele ya nafsi yake, kuwa ameikataa busara. Tahadhari ina daraja. Anayepigwa picha ya MRI ya matiti kila mwaka, kwa nia ya kuuona uvimbe ungali mdogo, amejitahadhari. Anayemeza dawa ya tamoksifeni kwa shauri la tabibu amejitahadhari. Anayekubali kisu amejitahadhari zaidi, na gharama yake ni kubwa zaidi: hisia za kifua, kunyonyesha, na kwa ovari, uzazi na kukoma kwa hedhi kabla ya wakati wake, pamoja na joto la ghafla na udhaifu wa mifupa. Neno lililo pana kiasi hicho humwachia mwenye mwili hiari yake.

Lakini upana huo usifanywe kisingizio cha kuyasawazisha mambo yasiyo sawa. Saratani ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema, ndiyo maana matabibu huhimiza kwa nguvu zaidi kuondolewa ovari na mirija, kwa wenye dosari ya BRCA1 kati ya miaka 35 na 40, na kwa wenye BRCA2 kati ya 40 na 45, uzazi ukiisha kukamilika. Kwa matiti mlango wa kungojea kwa uangalizi uko wazi zaidi, na anayeupitia asilaumiwe.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri, waandishi wa vitabu vya afya, na zaidi wale wauguzi wanaokaa kitako na mama mmoja mmoja kumfafanulia karatasi ya maabara, waandike na waseme upasuaji wa tahadhari, waongeze palepale kwamba hupunguza hatari wala hauifuti, na neno chanya waliachie hesabu.